Tupande akasia, lakini tuanze na karatasi



Mvua zikianza hapa Lubumbashi, mfuko wa makala unapanda bei, na kila mmoja wetu anahesabu mara mbili mbele ya kuwasha mbabula. Pori ambako mama zetu walitafuta kuni limekwenda mbali na mji. Ndiyo maana wengi mnatuuliza juu ya akasia. Leo tujibu.

Akasia tunayosema haina miiba. Ilitoka Australia na Papua New Guinea. Maua yake ni ya manjano, na ganda la mbegu limejikunja kama sikio. Inakua upesi, inakubali hata udongo uliochoka, na mizizi yake inaurudishia nguvu. Huko Mampu, mashariki ya Kinshasa, ilipandwa kwenye hekta karibu 8000, kisha familia zikagawiwa hekta 25 kila moja. Wanatoa humo makala, muhogo, mahindi na hata asali.

Kitalu. Mbegu ina ngozi ngumu. Tuchemshe maji, tuyaepue, tuyamwagie mbegu, tuziache humo mpaka kesho yake. Zilizovimba tuzitie mbili mbili katika vifuko vya sukari au chumvi vilivyotobolewa chini. Zikiota zote mbili, tubakize mche wenye nguvu. Tuanze mwezi wa nane, ili miche iwe tayari mvua zikishika vizuri, mwezi wa kumi na mbili.

Shambani. Kati ya mstari na mstari tuache metro 4, kati ya mti na mti metro 3. Katikati tupande mahindi na muhogo. Tukipalilia muhogo, mti nao umepaliliwa. Baadaye kivuli kinafunga, na majani yanayoanguka yanafunika udongo.

Moto. Miche yetu ya kwanza ilikufa yote kwa siku moja. Ilikuwa kiangazi, jirani anachoma majani shambani kwake, upepo ukageuka. Kosa lilikuwa letu pia: tuliacha nyasi kavu pembeni. Sasa mvua zikiisha, tunalima ukanda wa metro 5 kuzunguka shamba lote, tunauacha udongo mtupu. Kazi hiyo inachosha, lakini kulia shambani kunachosha zaidi.

Karatasi. Hapa ndipo tunataka msome polepole. Akasia ya makala inakaa miaka 8 mpaka 10 mbele ya kukatwa. Ukifukuzwa kwenye shamba la mahindi, umepoteza msimu mmoja. Ukifukuzwa kwenye miti, umepoteza miaka ambayo mtoto anaingia shule ya msingi na kuimaliza. Na wengi wetu tunalima udongo wa kukodi, ao udongo wa upande wa bwana. Mwenye udongo akiona miti, anaogopa kwamba tunataka kumnyang'anya. Bwana akifariki, ndugu wanakuja kuhesabu miti ambayo hawakuimwagilia hata kopo moja la maji.

Basi, mbele ya kuchemsha maji ya mbegu, tuketi na mwenye udongo, na bwana, na chifu wa kijiji, pamoja na mashahidi wawili. Tuandike: miti ni ya nani, nani atakata, mwaka gani, mwenye udongo atapata nini. Tuandike pia juu ya miti ya pili. Kwa maana akasia inaangusha mbegu nyingi, na huko Mampu, wakikata na kuchoma matawi, moto huohuo unaoua mche unaamsha mbegu zilizolala udongoni. Shamba linaota tena bila kupanda. Hiyo nayo ni mali, isiachwe nje ya karatasi. Kila upande ubaki na kopi yake.

Mama asiyejua kuandika asione haya. Aje na daftari siku ya mkutano wetu, tutaandika pamoja, tutamsomea kwa sauti mpaka aseme: ndiyo, ni hivyo.

Mbegu zinaweza kungoja juma moja. Karatasi isingoje.