Vijijini hatuna bwana nyumba

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo naona halizungumzwi sana, nalo ni ukarabati wa nyumba tunaoufanya kwa mikono yetu sisi wananchi wa vijijini.

Hapa kwetu Mbulu, na kwa jirani zetu wa Hanang, mtu anayemwita fundi kuja kuziba bati moja linalovuja ni mtu mwenye uwezo. Sisi wengine tunapanda juu wenyewe. Nyundo tunaazima kwa huyu, ngazi kwa yule, na misumari tunaichomoa kwenye mbao za zamani na kuinyoosha juu ya jiwe. Mimi sioni aibu kwa hilo, maana kujitegemea ndiko ninakowafundisha watoto darasani kila siku. Lakini kujitegemea bila maarifa kumenitia hasara kubwa, na nusura kunitie msibani.

Nyumba ninayokaa niliachiwa na marehemu baba. Ilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, na juu paa bapa la boriti, fito, nyasi na udongo ulioshindiliwa. Wazee wa Kainam walikuwa wakizichimbia nyumba za namna hiyo nusu ndani ya kilima ili adui asizione. Siku hizi tembe linahesabiwa kuwa nyumba ya fukara, nami nilikuwa mmoja wa waliolidharau. Hata hivyo tembe lilikuwa na mwenyewe aliyelijua. Kila mwaka kabla ya mvua baba alipanda juu, akaongeza udongo, akaziba nyufa na kubadili boriti iliyoliwa. Moto wa jikoni uliowaka humo humo ndani uliwasumbua akina mama macho na vifua, hilo silitetei, lakini moshi wake uliwafukuza mchwa na bungua kwenye boriti. Baba hakuwa na cheti cha ufundi. Alifundishwa na babu.

Mwaka 2019 nilikopa, nikabomoa paa la udongo ili niezeke bati. Dukani niliulizwa nataka geji ngapi. Nikaona kuna 28, 30 na 32, na bei ya 32 ni nafuu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Ndugu Mhariri, nikajiambia kwamba 32 ni kubwa kuliko 28, kwa hiyo bati hilo lazima ni nene, na leo nimepata bahati. Sikujua kwamba katika bati kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Muuzaji alinitazama tu, akapokea fedha.

Kisha nikapigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongo yake, kwa kuwa kwenye bonde bati linagusa mbao na msumari unaingia vizuri. Maji nayo yanapita kwenye bonde. Mvua ya kwanza ilinionyesha kila tundu nililotoboa. Tukalala na masufuria sakafuni.

Lakini kosa lililokuwa baya kuliko yote ni saruji. Baada ya kuezeka nilitaka nyumba ifanane na za mjini, nikanunua mifuko na kupiga lipu ya saruji juu ya kuta zile zile za miti na udongo. Ilipendeza kweli, hata wenzangu shuleni walikuja kuitazama. Bibi mmoja jirani alipopita alisema, "Mwalimu, mwanangu, ukuta huo utatokea wapi jasho?" Tukacheka.

Bibi yule alikuwa na haki ya kutucheka sisi. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa, huvimba kidogo wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Saruji ni ngumu, haifuatani nao, hivyo hupasuka. Maji huingia kwenye ufa, na yakishaingia hayana pa kutokea, kwa kuwa saruji imeziba. Nyuma ya lipu nzuri udongo ukawa uji na miti ikaoza bila mimi kuona. Katika masika ya 2021, saa nane za usiku, ukuta wa chumba cha watoto uliangukia ndani, juu ya kitanda. Mwanangu wa pili alikuwa amekwenda kulala kwa bibi yake jioni ile, kwa sababu tu alikuwa amemlilia mama yake tangu mchana. Mpaka leo mke wangu hapendi niyasimulie haya.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama nyumba za wenzangu nikienda Dongobesh au Haydom, na naona lipu zile zile zikibanduka kama maganda, na mabati yaliyowekewa mawe juu yasiruke kwa upepo. Si uvivu wala ujinga wa kuzaliwa. Mtu ameuza ng'ombe ili aboreshe nyumba, akanunua kitu kisichofaa na kukifunga mahali pasipofaa, na hakuna aliyemwambia. Sizungumzii maafa kama yale ya Desemba 3, 2023, ambapo tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliwaua ndugu zetu wengi wa Katesh na Gendabi. Nyundo ya mtu mmoja isingefaa kitu pale. Nazungumzia nyumba zinazoanguka moja moja, usiku, bila kutangazwa redioni.

Kijijini tuna bwana shamba, tuna bwana mifugo, na bwana afya tunamwona akikagua vyoo. Bwana nyumba hatuna. Serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa majenzi tangu mwaka 1971, hivyo maarifa ya udongo na saruji yapo nchini siku nyingi. Kufika kwetu ndiko kulikoshindikana. Najua kwamba mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika shule za sekondari, nami naupongeza, lakini anayepanda juu ya paa leo ni mzazi aliyemaliza darasa la saba. Naomba halmashauri zetu zitume mafundi wa VETA au wa idara ya ujenzi wakae siku mbili tu katika kila kata mwezi Oktoba, kabla ya mvua, wabomoe na kujenga kipande cha ukuta mbele ya watu. Na wenye maduka ya vifaa walazimishwe kubandika ukutani, kwa Kiswahili, maana ya geji.

Ukuta ulioanguka nimeujenga upya juu ya msingi wa mawe na kuusiliba kwa udongo uliochanganywa na samadi, kama alivyofanya baba. Ukuta wa magharibi bado una lipu yangu ya saruji, na nikiugonga unalia kama debe tupu. Kama yupo mtaalamu anayesoma barua hii, naomba anijibu katika ukurasa huu huu: niibandue lipu yote sasa, au nikiibandua ukuta utaifuata?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbulu.