Mashini haijazeeka, ni wao wameamua imezeeka



Mwezi wa sita 2025, kampuni Apple ilitangaza kama macOS 26, ile wanaita Tahoe, njo toleo la mwisho la mfumo wao litakalokubali prosesa za Intel. Toleo litakalofuata litataka prosesa ambazo Apple inajitengenezea yenyewe. Wengi watasema: hiyo ni habari ya watu wenye feza, sisi haituhusu. Inatuhusu. Katika miji yetu, kuanzia Lubumbashi mpaka Bunia, kuko vijana ambao tangu miaka wanachukua Dell, HP ao Lenovo ya okazio, mashini yenye miaka kumi na zaidi, na wanaweka ndani macOS mpya ambayo mashini hiyo haikutengenezewa. Wanaitumia kwa kumonte video za ndoa, kurekodi muziki, kujifunza kuandika programu za simu. Dunia nzima inaita kazi hiyo Hackintosh.

Leo tunataka kusema wazi kile tunafikiri juu yake. Ni akili ya kupongeza. Imetufundisha kitu ambacho wauzaji hawapendi tujue. Lakini ni mlango unaofungwa, na hatupaswi kungoja utubane vidole.

Namna inafanyika

Kuanzia 2006, Apple iliweka ndani ya Mac prosesa za Intel, ndugu wa tumbo moja na zile ziko ndani ya Dell na HP. Iliendelea hivyo mpaka Novemba 2020, wakati prosesa yake M1 ilitoka na ikaanza kuhama. Kwa miaka yote hiyo, tofauti kati ya Mac na mashini ingine haikuwa tena katika moyo wa mashini. Ilikuwa katika jina, katika chipu chache, na katika maulizo ambayo mfumo unauliza wakati unawaka: je, mimi niko ndani ya Mac kweli?

Vijana wa inchi mbalimbali, wakijitolea bila mshahara, waliandika programu ya kujibu maulizo hayo. Ile inayotumika zaidi leo inaitwa OpenCore. Inawaka ya kwanza, mbele ya macOS, inaambia mfumo kama mashini hii ni Mac ya mwaka fulani, kisha inapakia vipande vidogo vya kusaidia: kimoja kinajifanya chipu ambayo Apple inaweka katika Mac zake, kingine kinapanga kadi ya picha, kingine kinaamsha Wi-Fi ya Intel ambayo Apple haikuitumia hata siku moja. Kila kitu kiko bure na kiko wazi, kila mutu anaweza kusoma namna kimeandikwa.

Si kazi ya dakika tano. Kupakua mfumo wenyewe kunakula zaidi ya giga 12, na sote tunajua bei ya mega. Njo maana watu wanapitishiana kwa flashi. Kisha unasoma, unajaribu, skrini inabaki nyeusi, unasoma tena. Unajifunza mashini yako iko na kadi gani, prosesa ya kizazi gani, sauti inapita wapi. Wengi wetu tuko na diploma ya iniversite na hatuna kazi, na tunasema bila haya: kuko mambo ambayo auditoire haikutufundisha na mashini ya okazio ilitufundisha.

Nani anazeesha mashini?

Hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Wanaotengeneza Hackintosh wanajua tarehe za vifo kwa kichwa. Mwaka 2018, macOS Mojave ilikataa kadi za picha za Intel za kizazi cha 2. Mwaka 2021, Monterey ikatupa za kizazi cha 3. Mwaka 2022, Ventura ikatupa za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6 kwa mara moja, na ikadai prosesa yenye maagizo yanayoitwa AVX2, ambayo yalianza kwa kizazi cha 4.

Tuwe wakweli: si kila kitu ni uovu. Prosesa ambayo haina AVX2 haina, na hakuna maombi yatakayoiweka. Teknolojia inaendelea, na kampuni haiwezi kubeba kila kitu milele. Lakini angalieni kadi za kizazi cha 6. Ventura inazikataa. Ukiweka OpenCore iambie mfumo kama kadi hiyo ni ya kizazi cha 7, inatembea. Kadi ni ile ile, iliyokataliwa juu ya jina tu! Na zile za kizazi cha 4 na cha 5, watu wa kujitolea walirudisha programu zake ndani ya mfumo mpya, kwa kazi inayoitwa OpenCore Legacy Patcher, ambayo kwanza iliandikwa kwa kuokoa Mac za zamani zenyewe. Zinatembea pia.

Kwa hiyo usiku ule Ventura ilitoka, hakuna kadi hata moja iliyoharibika. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu katika ofisi ya California. Na si Apple peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutunza Windows 10. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi, na chipu ya usalama TPM 2.0. Mamilioni ya mashini nzima, zenye kuwaka asubuhi na kuzimwa mangaribi bila shida, ziliitwa za kutupa.

Na zimetoka katika udongo gani?

Mkongomani hawezi kusikia neno «kutupa» bila kuuliza. Betri ya mashini nyingi iko na kobalti, na karibu robo tatu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, upande wa Kolwezi, Likasi, Fungurume. Kadi mama nyingi ziko na vipande vidogo vya tantali vinavyotuliza umeme, na tantali inatoka katika koltani. Rubaya, katika teritware ya Masisi, inakadiriwa kutoa peke yake karibu 15% ya tantali ya dunia, na tangu 2024 iko mikononi mwa M23. Bati la kuunganisha vipande vyote hivyo linachimbwa pia Walikale.

Desemba 2024, serikali yetu ilipeleka mashitaka Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya Apple, kwa ajili ya madini ya damu. Apple ilikana, na ikasema iliagiza wauzaji wake waache kununua bati, tantali, tungsteni na zahabu kutoka Kongo na Rwanda. Hatuhukumu kesi hiyo hapa. Tunasema kitu kidogo zaidi ambacho hakuna anayeweza kukikana: kila mashini inayotupwa kabla ya wakati inaitisha mashini ingine, na mashini ingine inaitisha shimo lingine. Mutu anayeongezea laptopu miaka mitano ya kuishi hamalizi vita. Lakini anakataa kuwa sehemu ya haraka ile inayolisha vita.

Kwa nini tusibaki hapo

Sasa tuwaambie wandugu wetu wa Hackintosh mambo ambayo labda hayatawafurahisha.

La kwanza, tuko wapangaji bila karatasi. Mkataba wa matumizi wa macOS unaruhusu kuuweka juu ya kompyuta zenye jina la Apple tu. Kampuni moja ya Marekani, Psystar, ilijaribu kuuza mashini zake zikiwa na macOS. Apple iliishitaki mwaka 2008, na mwaka 2009 ikashinda. Hatusikii kama kijana wa Katindo ao wa Kadutu atapelekwa mbele ya tribinali juu ya Dell yake. Lakini huwezi kujenga ofisi, studio ao shule juu ya kitu ambacho mwenyewe anaweza kukunyima wakati anataka.

La pili ni usalama, na hili linatugusa sana sisi wa vuguvugu. Kurudisha programu za kadi za zamani kunaomba kufungua sehemu ya kinga ambayo macOS inajiwekea. Na wengi hawafuati hata njia hiyo ya wazi: wanachukua mfumo uliokwisha kutayarishwa na mutu wasiyemjua, juu ya flashi iliyopita kwa mikono ishirini. Ndani kuko nini? Hakuna anayejua. Kwa mutu wa kumonte ndoa, hatari ni kupoteza kazi ya wiki. Kwa sisi tunaoandika majina ya waliokamatwa na kutunza sauti za mashahidi, hatari ni maisha ya mutu mwingine aliyetuamini. Tunaomba kila memba: orodha ya mashahidi isiingie hata siku moja katika mashini ya namna hiyo.

La tatu, njia yenyewe inakwisha. Hata ndani ya Tahoe, ni Mac nne tu za Intel zilizokubaliwa, zote za 2019 na 2020. Nyuma yake hakutakuwa tena macOS mpya ya kudanganya, maana haitaandikwa tena kwa lugha ya prosesa zetu. Mwenye ufundi mkubwa na mwenye ufundi mdogo watasimama mbele ya ukuta mmoja.

Akili ile ile, kwa nyumba yetu

Sote tunajua Artikle 15: ujidebruye. Hakuna katika katiba, lakini ni sheria ambayo kila Mkongomani anaifuata. Shida ya Artikle 15 ni kwamba inamsaidia mutu mmoja kwa siku moja. Kesho anaanza tena, na jirani yake anaanza sifuri. Sisi tunataka akili ile ile ifanye kazi inayobaki.

Mutu aliyefaulu kuweka macOS juu ya HP ya 2014 anaweza kuweka Linux kwa macho yaliyofungwa. Debian ao Linux Mint haziulizi mashini ina jina gani. Linux Mint 22 itatunzwa mpaka 2029, bila feza, na mkataba wake unakuruhusu kuipa mwenzako, kuifungua, kuibadilisha, hata kuitafsiri katika Kiswahili chetu. Kwa mashini yenye memori ya giga 4 na diski SSD ndogo, inatosha kuandika, kusoma, kuhesabu. Kwa video iko Kdenlive, kwa muziki iko Ardour.

Hatudanganyi mutu. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone anahitaji Xcode, na Xcode inatembea juu ya macOS peke yake. Anayezoea Final Cut atasumbuka wiki za kwanza. Hao waendelee na Hackintosh yao wakati bado inatembea, lakini wajue tarehe. Wengine wote, na njo wengi, hawana sababu ya kungoja.

Kile tunaomba

Tunaomba iniversite na vyuo vya juu viache kulazimisha wanafunzi kutoa kazi zao katika programu za kulipa, ambazo kila mutu anajua wanafunzi wanaiba. Kufundisha wizi hapana kazi ya shule. Wakubali faili za wazi, na somo la kufungua na kutengeneza mashini lifanyike kwa mikono, si kwa ubao tu.

Tunaomba serikali, ambayo iko na Kode ya Numeriki tangu Machi 2023, ianze kwa ofisi zake yenyewe: mbele ya kununua mashini mpya kwa feza ya raia, ionyeshe kama za zamani haziwezi kuokolewa. Na ipunguze kodi juu ya SSD, memori na betri. Serikali iliyoweza kufunga utokaji wa kobalti mwezi wa pili 2025, na kuuwekea viwango mwezi wa kumi, inaweza kuangalia pia kile kinachorudi mpakani.

Tunaomba makampuni yanayotumia madini yetu: siku mnaacha kutunza mashini, acheni funguo. Toeni maelezo ya kadi zake, ili wanaotaka kuitunza waitunze. Mlichukua jiwe, hamwezi kuchukua na haki ya kutengeneza.

Na tunajiomba sisi wenyewe. Kila selili ya vuguvugu yenye mutu mmoja anayejua Hackintosh iko na mwalimu tayari. Mumuitishe jumamosi moja kwa mwezi. Kila mutu alete mashini yake iliyoitwa ya kufa, na flashi moja yenye Linux ipite kwa wote, ili mega za mmoja zitumikie ishirini. Anayefundishwa leo afundishe wawili mwezi unaofuata. Haiombi mfadhili, haiombi ruhusa ya mukubwa yeyote.

Mlisubutu kuambia mfumo wa watu kama Dell yenu ni Mac, na uliamini. Sasa mwambie jirani yako kama mashini yake ingali nzima. Hiyo haitakuwa hata uongo.