K. ni Kambarage

Mwamshe Mtanzania usingizini umuulize jina la Baba wa Taifa, atakutajia yote matatu kwa mpigo: Julius Kambarage Nyerere. Sasa muulize anawafahamu akina Kambarage wangapi. Akina Julius wamejaa tele, kuanzia Bukoba hadi Mbinga. Nyerere ameenea kwenye ramani: kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, bwawa la umeme la Mto Rufiji lenye megawati 2,115, hifadhi ya taifa iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Kambarage ana uwanja wa mpira Shinyanga, ule ambao Stand United walikuwa wakiwatolea jasho wakubwa enzi zao za Ligi Kuu. Mtu akijitambulisha kwa jina hilo, swali la kwanza analoulizwa ni kama ana undugu na Mwalimu.

Toleo hili linahusu majina ya watu, nami nimechagua kulifungua kwa jina hili moja kwa sababu nina ugomvi kidogo na namna tunavyoliandika. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba majina ya asili yalimezwa na ubatizo. Yapo yaliyomezwa kweli. Lakini Kambarage halikumezwa na padri. Lilifungiwa ndani ya herufi moja yenye nukta, na waliolifungia ni wenye karatasi: makarani, wachapaji, wahariri kama mimi, na mara nyingine mwenye jina mwenyewe.

Tuanzie lilikotoka. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, masika ikiwa imekolea, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na wa Mgaya Nyang'ombe, mke wake wa tano. Jina la kwanza alilopewa silo tunalolijua. Aliitwa Mugendi, yaani mwendaji, mtu wa safari. Na kwa jinsi alivyokuja kuzunguka nchi na dunia, wapo watakaosema hilo nalo lingemkaa. Halikudumu. Mwaguzi aliagiza mtoto aitwe Kambarage, jina la mzimu wa mvua, tena mzimu wa kike, na likawa hivyo.

Msomaji aliyekulia mjini huenda akaliona jambo hili kama ushirikina wa zamani tu. Nadhani anakosa kitu. Kwa makabila mengi ya nchi hii, mtoto hakuwa karatasi nyeupe ya wazazi kuandika wanachopenda. Akilia usiku na mchana bila ugonjwa unaoonekana, wazee walisema analilia jina, na kazi yao ikawa kulitafuta: wakataja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine, au wakaenda kwa mtu mwenye ujuzi wa kuagua. Jina lilikuwa la mtu fulani au la nguvu fulani, na mtoto aliliazima. Ndiyo maana lingeweza kubadilishwa wiki chache baada ya kutolewa bila mtu kuona ajabu, na ndiyo maana mtoto wa kiume angeweza kubeba jina la mzimu wa kike bila kijiji kizima kucheka.

Hapo ndipo pia palipo sababu ya uadimu wake. Majina ya mvua yako mengi katika ukanda ule. Mkoa wa Mara una akina Wambura wasiohesabika. Ukivuka mpaka, Wajaluo wana Okoth kwa mvulana na Akoth kwa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Wakikuyu wana Nyambura, jina linalofungamana na ukoo unaosifiwa kwa uwezo wa kuleta mvua. Hayo ni majina ya tukio: mvua imenyesha, mtoto amezaliwa, basi. Yeyote anaweza kuyatoa, na kila masika huleta wengine. Kambarage si jina la mvua yenyewe, ni la mwenye mvua. Hilo halitolewi kwa kuangalia mawingu. Lilihitaji agizo, na majina ya agizo hayawi mengi.

Nyerere nalo lina historia yake. Baba alizaliwa kwenye miaka ya 1860 wakati viwavi vimevamia mashamba, na neno hilo la Kizanaki ndilo linalotaja viwavi hivyo. Mkulima yeyote anajua kwamba viwavijeshi hufuata mvua za mwanzo baada ya ukame. Kwa hiyo baba na mwana, mmoja kiwavi na mwingine mvua, walibeba kalenda nzima ya shamba katika majina yao. Sijui kama kuna familia ya kiongozi mwingine Afrika iliyopewa majina ya kikulima kiasi hiki, na tunayatamka kila siku bila kuyasikia.

Miaka ishirini na moja ya kwanza aliishi kama Kambarage. Hivyo ndivyo alivyoingia Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na hivyo ndivyo alivyofika Tabora mwaka 1937. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa akachukua jina la Julius. Hakuwa mtoto mchanga aliyebebwa na mama wa ubatizo. Alikuwa kijana msomi aliyeamua mwenyewe.

Sasa tazama sheria ya Kanisa Katoliki iliyokuwa ikitumika wakati huo, ile ya mwaka 1917. Kanuni yake ya 761 iliwataka maparoko wahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Iliendelea kusema kwamba ikishindikana, padri aongeze jina la mtakatifu juu ya lile lililotolewa na wazazi, na yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Yote mawili, kwa ukamilifu. Sheria iliyosasishwa mwaka 1983 imelegea zaidi: inakataza tu jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Mimi si mtetezi wa kila walichofanya wamisionari kuhusu majina yetu. Wako wazee waliofukuzwa kwenye mafundisho kwa kung'ang'ania la babu. Lakini kwa mujibu wa sheria yao yenyewe, jina la nyumbani lilikuwa na nafasi kitabuni.

Nafasi hiyo ilipotea ofisini. Mtindo wa kuandika jina la kati kwa herufi moja tuliupokea kwa Waingereza pamoja na faili, muhuri na kiti cha karani, na tukaupenda kuliko wao. Angalia majalada ya vitabu vya Mwalimu. Mkusanyo wa hotuba na maandishi yake uliotoka mwaka 1966, wenye maneno Uhuru na Umoja kwenye jina lake, umeandikwa Julius K. Nyerere. Mkusanyo wa Ujamaa wa mwaka 1968, vivyo hivyo. Cha kuchekesha ni kwamba mtu huyu ndiye aliyemtafsiri Shakespeare na kumpa mtawala wa Roma jina la Kiswahili kamili, Juliasi Kaizari, kila silabi mahali pake. Mgeni alipewa jina zima. Mwenyeji akabaki na K.

Kwa watu wengine herufi hiyo haina madhara makubwa. Watanzania wengi siku hizi huweka jina la baba katikati, na la babu au la ukoo mwishoni. Ukifupisha la kati umemficha baba tu. Watu wa Pwani walijilinda kwa muda mrefu kwa kuweka bin na binti, na nasaba haifupishiki kirahisi: huwezi kumwandika Siti binti Saad kwa nukta ukabaki na kitu. Kwa Mwalimu hesabu ni tofauti kabisa. Julius alilichukua ukubwani. Nyerere ni la baba yake. Lile alilopewa yeye, kwa ajili yake peke yake, katika masika aliyozaliwa, ndilo hilo lililobaki herufi. Katika majina yake matatu tulilolificha ni la mwenyewe.

Na si kwamba nyumbani kwake majina ya asili yalionewa haya. Mkewe ni Maria Waningu. Miongoni mwa watoto wao, Watanzania wamemfahamu Charles kwa jina la Makongoro na Godfrey kwa jina la Madaraka, neno lililokuwa midomoni mwa kila Mtanganyika katika miaka ile ya kuelekea uhuru. Hao waliweza kuyaweka mbele majina yao ya nyumbani, na umma ukayafuata. Kinachoamua ni jinsi mtu anavyotambulishwa.

Wenzetu walipita njia nyingine. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone, na kufikia mwaka 1938 kitabu chake kuhusu Wakikuyu kilitoka kwa jina la Jomo Kenyatta. Ubatizo ukawekwa kando bila kelele. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliacha jina la James hadharani, akatoa na sababu. Mobutu alichukua rungu: mwaka 1972 Wazaire wakaamriwa kuyatupa majina ya Kizungu, na mapadri wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la aina hiyo atakwenda jela. Utawala ulipodhoofika, akina Joseph na Marie wakarudi mitaani Lubumbashi na Bukavu kana kwamba walikuwa wamesafiri tu. Jina likiamriwa na serikali huwa sare, nayo sare huvuliwa mtu akitoka kazini.

Kwa hiyo sitamwambia mzazi amwite mwanawe Kambarage. Mtoto aliyezaliwa kiangazi huko Lindi akipewa jina hilo kwa ajili ya picha ya ukutani, atakuwa amebeba siasa na si jina. Acha libaki adimu, ndivyo lilivyotengenezwa. Ninachokitetea ni kidogo kuliko hicho, nacho kiko ndani ya uwezo wetu sote: likiwapo, liandikwe.

Nawaambia hivyo hasa wale wanaojaza fomu za shule na vitambulisho. Leo mtoto anasajiliwa shule ya msingi kwa jina la kwanza, herufi na la ukoo, kwa sababu mwalimu alikuwa na haraka au kisanduku kilikuwa kidogo. Anapofika chuo, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha mtihani kinasema vile, na mzazi anaingia gharama ya hati ya kiapo kuthibitisha kwamba herufi ile ni mwanawe. Tumeona wanaohangaika hivyo, na fedha zao haziwarudii.

Hata Kanisa limelichukua jina lote. Tangu Jimbo la Musoma lilipofungua mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, anaitwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Mchakato ukifika mwisho, jina la mzimu wa mvua wa Kizanaki litasomwa madhabahuni, na sioni litakalomdhuru mtu.

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zilisainiwa kwa herufi. Tuliwaandikia waandishi tukawaomba majina yao yote, na wengi waliyatoa, baadhi wakiongeza na hadithi yake bila kuombwa. Kuanzia sasa huo ndio utaratibu wa jarida hili: hatutachapa herufi badala ya jina. Asiyetaka jina lake la kati lijulikane aliache kabisa, na tutaheshimu. Wengine wote, andikeni majina yenu kwa ukamilifu, na chini yake mtuambie nani aliwapa.