Njia moja ya mtandao haitoshi Manono

Kila mara tunapoketi na kampuni kwa kuandika cahier des charges, tunaomba maji, masomo, dispensaire na barabara. Ni vizuri. Lakini kuna barabara ingine ambayo haionekani na macho, na karibu hakuna anayeiomba: ile ya mtandao. Na leo feza ya familia inapita mule, bei ya kasiterite inapita mule, habari ya ajali vilevile.

Wengi wetu tunafikiri mnara njo mtandao. Apana. Mnara ni mlango tu. Nyuma yake kuna mashini zinaitwa ruta, na kazi yao ni kuambiana njia, sawa madreva wetu wa lori: mwenye kutoka Lubumbashi anamwambia mwenzake kama kule Mitwaba njia inapita ao imekatika. Ruta moja inaambia jirani: kupitia kwangu utafika kwa watu fulani. Jirani anaandika kwa daftari lake, anachagua njia anayoona bora, kiisha anapasha wengine. Kati ya kampuni na kampuni, kanuni ya mazungumzo hayo inaitwa BGP.

Ruta zinaendelea pia kusalimiana, sawa vile mtu wa juu anaita mwenzake ndani ya shimo. Jirani akinyamaza kupita muda uliopangwa, njia zote alizotangaza zinafutwa, na ruta inatafuta ingine. Lakini itatafuta wapi kama njia ni moja?

Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa katika kazi ya matengenezo lilikata mtandao wa ndani wa kampuni ya Facebook. Matangazo ya njia zake yakaondolewa, na WhatsApp ikanyamaza dunia nzima karibu saa sita. Tarehe 14 Machi 2024, nyaya nne za chini ya bahari zilikatika upande wa Abidjan. Moja ni WACS, ile inayofika kwetu Kongo kwa Muanda. Mwenye njia ya pili alihamia huko. Mwenye njia moja alibaki kungojea.

Njo maana tunaomba mambo mawili. La kwanza: kampuni ikileta nyuzi za mtandao kwa kazi ya litiamu, raia nao waunganishwe, ili Manono iwe na njia zaidi ya moja. La pili: ruta za kampuni za telefone zikutane karibu na sisi. Kinshasa iko na kituo cha makutano, KINIX, tangu 2002. Lubumbashi na Goma zilifuata. Pasipo kituo cha vile, ujumbe wa jirani kwa jirani unaweza kuzunguka mpaka Ulaya kabla ya kurudi. Kalemie nayo inastahili.

Feza itatoka wapi? Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni kutenga asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii.

Wengine watasema: maji kwanza. Ni kweli, na hatuombi maji yaondolewe. Lakini mwenzetu akifunikwa na udongo usiku, telefone ndiyo inaita watu.

Wajumbe wetu, kwa kikao kijacho muulize swali moja: kutoka hapa, mtandao wetu uko na njia ngapi? Jibu liandikwe, na wakubwa watie sahihi.