Git Unaijua, Lakini Mteja Umemuuliza?

Keti na vijana watatu wanaounda tovuti na apu, iwe Ngara ama Roysambu, uwaulize ni programu gani bora ya kuendeshea Git. Chai itapoa. Mmoja atakuambia GitKraken kwa sababu inachora matawi kwa rangi, mwingine ataapa kwa Sourcetree, na wa tatu atawacheka wote wawili kwa sababu yeye huandika amri kwenye terminali, kwa hivyo anajiona fundi kamili. Sasa waulize swali la pili: mteja akikwama kwenye hiyo apu yako, anakuambia kupitia wapi? Kimya.

Mimi nina shida na hicho kimya.

Tuelewane kwanza. Git ndiyo inayotunza historia ya kazi yako, kila badiliko na siku yake. Linus Torvalds aliiandika 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper bure. GitHub Desktop, Sourcetree na GitKraken ni madirisha tu ya kuchungulia kitu kile kile. Ukihama kutoka moja hadi nyingine historia haipotei, na anayefungua kazi yako hana njia ya kujua kama ulibonyeza vitufe ama uliandika amri. Huo ubishi wote ni wa rangi ya gari, injini ni moja.

Ndiyo maana mtu anayetafuta riziki simwoni akilipia dirisha. GitKraken ni bure kwa repo za wazi, lakini repo za siri, ambazo ndizo za wateja, zinataka ulipe. Sourcetree ni bure, ila haiko kwenye Linux, na GitHub Desktop rasmi nayo ni ya Windows na Mac pekee. Kumbuka wengi wetu tuna laptopu za mitumba zinazopumua vizuri zaidi zikiwa na Linux. Kama terminali inakutisha anza na GitHub Desktop, halafu ujifunze amri sita ama saba polepole. Zinatosha. Tena Git haihitaji bando ili kuhifadhi kazi: unaweza kuweka komiti ishirini ukiwa kwenye matatu, usukume zote mtandaoni ukifika penye Wi-Fi. Na ukichukua repo kubwa ya wenyewe, ongeza --depth 1 kwenye amri ya git clone, utaachiwa hali ya sasa bila historia yote ya miaka. MB zako zitakushukuru.

Na kwa sisi tusio na cheti cha kuonyesha, historia hiyo ndiyo cheti. Pia ndiyo shahidi mteja anapodai kwamba kitu fulani hukukifanya. Lakini tarehe ya komiti inaweza kubadilishwa na aliyeiandika, kwa hivyo isukume GitHub siku hiyo hiyo. Tangu 2020 repo za siri ni bure hata mkiwa wengi, kisingizio kimeisha.

Haya, turudi kwa mteja. Git inajua kila kitu ulichofanya na haijui hata kimoja kama kilimsaidia mtu. Unaweza kuwa na komiti mia tatu safi kabisa kwenye apu ya kinyozi wa Kayole, na wateja wake bado wanapiga simu kuuliza nafasi kwa sababu kitufe cha kuthibitisha kimejificha chini ya kibodi.

Hapa ndipo ningetumia pesa, kama zipo. SurveyMonkey ipo tangu 1999 na ina kila aina ya swali, Typeform inapendeza machoni, lakini zote mbili matoleo ya bure yamebanwa na ya kulipia huhesabiwa kwa dola. Google Forms haina urembo, ni bure, na majibu yanaingia moja kwa moja kwenye jedwali. Ukienda mahali mtandao ni wa kubahatisha, KoboToolbox inakusanya majibu kwenye simu na kuyatuma baadaye.

Shida ni kwamba fomu ya mtandaoni inamtaka mteja awe na simu janja, bando na subira. Mama mboga hatafungua linki yako ajibu maswali ishirini na mawili ya Kiingereza. Atajibu SMS fupi, hasa isipomla kredo. Nchi hii ilishalijua hilo: Ushahidi ilianza hapa 2008 ikipokea ripoti za watu kwa SMS, na mSurvey, siku hizi Ajua, ikajenga biashara nzima kwa kuuliza wateja maswali kupitia simu ya kawaida.

Lile swali la kutoka 0 hadi 10, eti ungetupendekeza kwa rafiki, ningelitupa. Sisi ni watu wa adabu. Mtu atakupa 9 usoni kisha ahamie kwa jirani. Muulize tu, "Mara ya mwisho ulikwama wapi?" Jibu la maneno matano linakuonyesha pa kuanzia. Hiyo 9 haikuonyeshi.

Na usiache hivyo vitu viwili vikae mbalimbali. Google Forms ina linki inayokuja na jibu limeshajazwa; weka hapo namba ya toleo la apu. Mtu akilalamika unajua ni toleo lipi, unaenda kwenye historia ya Git kuona nini kilibadilika wiki hiyo. Ukirekebisha, andika kwenye komiti sababu yenyewe, "wateja wawili walishindwa kulipa", badala ya yale maneno yetu ya "fix" na "fix tena".

Jambo jingine, hasa kwa wanaokusanya namba za simu kwenye fomu bila kufikiria: tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwambie mtu namba yake unaitaka kwa nini, na uombe ridhaa yake. Kama huihitaji, usiiulize. Na lile jedwali la majibu usiliweke kwenye repo ya wazi.