Taarifa ya M-Pesa ilitufumbua macho

Mimi na mke wangu tulianza kufuatilia matumizi yetu Januari, bila programu ya kulipia. Kila mwisho wa mwezi naitisha taarifa ya M-Pesa kwa barua pepe, kisha tunaketi pamoja na kuigawa kwenye jedwali la LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure: chakula, nauli, karo, bando, ada za kutuma na kutoa pesa. Mwezi wa kwanza tulishtuka: bando na ada zilizidi tokeni za umeme! Sasa tunatoa pesa mara moja kwa wiki, na karo tunaitenga kabla ya matumizi mengine. Ndugu wasomaji, andikeni kila shilingi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.