Ibara Moja, Kalamu Mbili

Majeshi ya Urusi yalipoivamia Ukraine Februari 2022, magazeti makubwa ya Magharibi hayakusita kuuita uvamizi huo haramu. Yalisema kweli: Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza taifa kutumia nguvu dhidi ya taifa jingine.

Lakini ibara hiyo hiyo ilikuwapo Machi 2003, Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraki bila idhini ya Baraza la Usalama. Wakati ule, katika mengi ya magazeti hayo, sheria iligeuka kuwa “suala lenye utata”, na wino ukamwagwa juu ya silaha ambazo hazikupatikana. Tarehe 26 Mei 2004 gazeti la The New York Times lilikiri (katika ukurasa wa ndani!) kwamba habari zake za silaha hizo hazikuchunguzwa vya kutosha. Kuhusu uhalali wa vita vyenyewe, kimya. Kofi Annan ndiye aliyetamka, Septemba mwaka huo, kwamba vilikuwa kinyume cha sheria.

Wanafunzi huniuliza kama kuyasema haya ni kuitetea Urusi. Hasha. Ninachodai ni Baghdad ipewe neno lile lile lililopewa Kyiv.